Mawe Meupe ya Got Kwach

Land Cruiser nyeupe iliruka tuta kama haikuliona.

Bhoke aliliona. Alisimama juu ya vikanyagio, akalegeza magoti, Yamaha ikapaa, ikatua, ikaendelea kula vumbi. Kushoto, uzio wa mbuga ya Ruma ulikuwa ukikimbia kurudi nyuma. Kulia, mashamba ya Lambwe, na watu waliosimama na majembe yao kutazama nani anamfukuza nani asubuhi yote hiyo.

"Samaki wako barabarani," alisema kwenye kipaza sauti ndani ya helmeti.

"Wote?" Sauti ya Byron, mkubwa wake, kutoka Nairobi. Kavu kama kawaida.

"Masanduku yote. Hajatupa hata moja."

"Dereva?"

"Mmoja. Anaogopa."

"Umejuaje?"

"Anaangalia kioo kuliko barabara."

"Nataka mzigo mzima, Bhoke. Na nataka mwenye mzigo. Hai. Umenisikia?"

Bhoke aliongeza moto.

Alikuwa amekaa Kisegi muda mrefu, akikaanga samaki karibu na ufuo, kitenge kiunoni, Glock 19 chini ya gunia la makaa. Wavuvi walimzoea. Walimwita "Nyar Kuria", binti wa Wakuria, wakamkopa samaki, wakamtania. Yeye alicheka nao na kuangalia.

Alichoona ni kitu kidogo. Kisegi, barafu hutoka barabarani kwenda ziwani. Inakuja na lori, inaingia kwenye masanduku, masanduku yanangoja samaki. Haya yalitoka ziwani yakiwa tayari na barafu yake. Tena yalibebwa na watu wanne, sanduku la kubebwa na wawili.

Mtu wa kutoka mbali hangeona hapo kosa. Mtu wa ufuoni alishindwa kulala.

Na dereva hakwenda Karungu, ambako kulikuwa na kizuizi cha polisi. Alizunguka na Lambwe ili atokee Ndhiwa, ateremke Migori kwa nyuma.

Mbele kulikuwa na kona ndefu inayozunguka shamba la alizeti.

Bhoke hakugusa bastola. Kupiga risasi mzigo kama ule ni wazimu. Aliingiza Yamaha shambani, akapasua alizeti katikati, akatokea upande wa pili kabla ya gari. Akatoa mkanda wa misumari kwenye begi, akautupa barabarani kama mtu anayetandika mkeka.

Pu! Pu! Pu!

Land Cruiser ilienda mrama, ikalamba mtaro, ikalala na pua chini.

Dereva alitoka mikono juu. Kijana mrefu, shati la Gor Mahia limelowa jasho.

"Siste, mimi ni dereva tu!"

"Nani amekuuliza?"

"Najibu mapema!"

"Jina?"

"Dishon."

"Lala chini, Dishon. Uso kwa nyasi. Ukiinuka nitasahau kwamba wewe ni dereva tu."

Alifungua sanduku la kwanza. Barafu. Chini ya barafu, samaki aina ya mbuta, safu moja tu, macho yameshaingia ukungu. Chini ya mbuta, karatasi nyeusi ya plastiki iliyofungwa kwa gundi.

Aliichana polepole.

Kitu cha kijani. Cha plastiki. Mviringo, saizi ya mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokatwa katikati. Bomu la kufukiwa ardhini, lile la kukanyagwa. Na kwenye mifereji yake kulikuwa kumeganda udongo mweupe.

Bhoke alikaa chini.

Aliujua udongo ule.

Kisegi hakuna udongo mweupe. Lambwe hakuna. Nyatike kuna mweusi wa kunata. Ule mweupe kama unga wa muhogo uko mbali, kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kwenye kilima ambacho ramani za jeshi zilikiita Kilima 308.

Kilima 308 hakikuwa na kitu. Mawe na miiba. Lakini kutoka juu yake mtu anaona barabara, anaona daraja, anaona visima vya nchi nzima ile. Mwenye kilima ndiye mwenye maji. Basi majeshi yalikinyang'anyana, na kila jeshi lililokikalia lilizungushia mabomu, na kila lililofukuzwa liliyaacha hapo. Vita ikaisha. Bomu haliambiwi kwamba vita imeisha.

Kampuni moja ilipewa kazi ya kukisafisha. Mkubwa wake alikuwa mzungu aliyeitwa Stoffel, mwenye kiatu safi siku zote. Bhoke alikuwa mtegua mabomu wake, ametoka jeshini. Kakake Marwa pia.

Siku moja wageni walikuja kupiga picha. Stoffel akasema upande wa mashariki umemalizika. Haukuwa umemalizika. Haukuwa umeguswa. Akamtuma Marwa akasimike kibao kilichoandikwa SALAMA mbele ya kamera.

Marwa alienda, kwa sababu mkubwa amesema.

Nyumbani kwao, Kehancha, walizika sanduku jepesi sana.

Na yale mabomu waliyoyatoa kwa mikono yao, moja moja, kifua chini, jua mgongoni? Stoffel alisema yamelipuliwa yote. Sasa hayo hapa, chini ya mbuta.

Bhoke aliinuka, akaenda kwa Dishon, akachuchumaa.

"Unampelekea nani?"

"Sijui jina lake, wallahi. Watu wanamwita Bwana Stovu."

"Wapi?"

"Got Kwach. Huko Nyatike. Lakini siste, huu ni mzigo wa pili. Wa kwanza ulishafika. Vijana wake wawili waliupanda kwa kilima, halafu wakavuka ziwa, wameenda."

"Wamepanda mabomu kwa kilima cha watu?"

"Kuna dhahabu chini. Watu wanachimbachimba hapo na sururu. Bwana Stovu aliwaambia kwa baraza ati hapo Wajerumani na Waingereza walipigana zamani, ati mabomu yamebaki, wahame, yeye na kampuni yake wasafishe. Wakamcheka. Hawakuhama. Halafu jamaa mmoja akakanyaga. Elkanah. Jamaa wa ng'ombe."

"Akafa?"

"Matanga ni leo. Leo ndio wanafanya tero buru."

Bhoke ni Mkuria, lakini amekulia Migori, anajua majirani zake. Mwanamume wa Kijaluo akifa, jamaa zake wanatoa ng'ombe wote. Vijana wanashika mikuki na matawi, wanapiga pembe, wanakimbia na ng'ombe mpaka nje huko porini, wanakifukuza kifo kilichomchukua mtu wao.

Na Elkanah alichukuliwa kilimani.

Ng'ombe wangepanda kilimani.

"Stovu anajua?"

"Anajua sana. Amepanda juu asubuhi na kamera. Kuna handaki ya ile vita ya zamani. Anataka picha ya ng'ombe na watu wakiruka. Ati akipeleka hiyo Nairobi na ng'ambo, hakuna mtu atabisha tena. Kilima kitafungwa, apewe yeye."

"Yeye mwenyewe anapitaje?"

"Wale vijana walimwekea mawe. Wameyapaka chokaa, nyuma ya kilima, upande wa ziwa. Anafuata mawe tu. Bila mawe hajui kitu."

Bhoke alichukua simu ya Dishon, akaiweka mfukoni. Polisi wa Ndhiwa, walioitwa na Byron, walikuwa wamefika na vumbi lao. Aliwaachia kijana, aliwaachia samaki.

"Byron. Ni Stoffel."

Byron alijua jina hilo. Lilikuwa kwenye sababu aliyotoa Bhoke siku ya kwanza alipoomba kazi.

"Wahandisi wa jeshi wanaondoka sasa hivi na helikopta," Byron alisema. "Wangoje."

"Watafika jioni. Ng'ombe hawangoji jioni."

"Bhoke. Hai. Hiyo ni amri, sio ombi."

"Nimesikia."

"Kusikia sio kukubali."

"Nimesikia, mkubwa," alisema, akawasha Yamaha.

*

Got Kwach ni kilima kimoja kilichosimama peke yake, kama mtu aliyekasirika na wenzake. Ukiwa juu unaona ziwa, unaona barabara ya Karungu, unaona mpaka wa Tanzania. Ndiyo maana wakati wa vita vile vya wazungu, Waingereza walichimba handaki pale juu na kuangalia Wajerumani wakija. Wazee wa hapo bado wanasema babu zao walipandishwa wakibeba maji kwa mitungi, kuwanywesha askari.

Mabomu? Hapana. Lile la Lambwe lilikuwa la plastiki. Wakati wa vita vile plastiki ilikuwa haijafika hata jikoni. Lakini mtu akiwa na msiba na mzungu ana ramani, nani atauliza bomu limetengenezwa na nini?

Boma la Elkanah lilikuwa chini ya kilima. Hema la bluu. Sufuria kubwa juu ya mafiga. Spika za matanga zimepangwa hadi juu kama ukuta, na jamaa anayeitwa Ken amekalia jenereta, anapiga nyimbo za injili kwa sauti ya kutoa kutu.

Na ng'ombe. Wengi. Wamekusanywa uwanjani, wanakwaruza ardhi, fahali mmoja mweusi mbele amefungwa matawi kwenye pembe zake. Vijana wameshika mikuki. Pembe imeshaanza kulia.

Bhoke aliingiza pikipiki katikati, kati ya fahali na kilima. Akazima.

Mzee aliyevaa ngozi ya nyani begani alikuja mbio. "Wewe nani? Ondoa hiyo pikipiki!"

"Serikali, baba. Naitwa Bhoke."

"Bhoke?" Mzee alisimama. Akageuka kwa vijana. "Mnasikia? Mkuria amekuja kutuambia ng'ombe wasitoke! Mama, unataka wabaki hapa uje uwahesabu usiku?"

Vijana walicheka kicheko cha msiba, kile cha meno bila macho.

"Ningekuwa nawataka, baba," Bhoke alisema, "ungekuta wameshavuka mpaka."

Kicheko kilibadilika. Mzee mwenyewe mdomo ulimchezacheza.

"Mimi ni Caleb," alisema. "Elkanah ni ndugu yangu, tumbo moja. Sema haraka."

"Kilima kimejaa mabomu."

"Tunajua. Ya Wajerumani."

"Sio ya Wajerumani. Yamepandwa juzi, na Bwana Stovu. Na saa hii amekaa huko juu na kamera, anangoja ng'ombe wako wafike."

Pembe ilinyamaza. Mtu aliyekuwa akiipuliza aliishusha mdomoni.

Caleb aliangalia kilima muda mrefu. "Nyathina, mtoto wangu," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Kifo kilichomuua ndugu yangu kiko huko juu. Leo tusipokifukuza, kitarudi kuchukua mwingine kwa hii boma. Hilo halingoji serikali."

"Basi mimi na wewe tunataka kitu kimoja. Hicho kifo nakijua jina. Kilimuua kaka yangu pia. Nipe nafasi nikiteremshe."

"Na usipokiteremsha?"

"Utanizika hapa kwako, na ndugu zangu watakuja kukuuliza."

"Wakuria?" Caleb alitikisa kichwa. "Yawa! Hapana. Kiteremshe."

Bhoke alitoa darubini yake ya Nikon. Ndipo alipowaona.

Wanawake. Walikuwa wakitoka nyuma ya kilima kwa mstari mmoja, kila mmoja na karai kichwani, wanatembea na ile subira ya watu waliobeba kitu kizito. Mbele alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa nguo ya marehemu mumewe, koti la mwanamume, limegeuzwa ndani nje. Mjane.

Alifika, akashusha karai chini. Du!

Mawe. Makubwa kama viazi vitamu. Yamepakwa chokaa.

Bhoke aliinama juu ya karai. "Mama, haya mmetoa wapi?"

"Naitwa Filister. Huko nyuma." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Wageni wanakuja. Barabara ya wageni mpaka kaburini lazima ipangwe mawe meupe, ama watu watasema Elkanah alizikwa kama kuku. Chokaa yetu iliisha. Na hayo ya Stovu yalikuwa yamepakwa tayari."

"Mlipita kwa mabomu!"

"Tulipita kwa Stovu. Tulimwona asubuhi akipanda. Mahali mzungu anakanyaga na kiatu cha bei kama ile, hakuna bomu. Tukafuata hapo hapo, tukaokota tukirudi nyuma. Hatukutoa mguu nje."

"Mmeokota yote?"

"Hapana. Ya huku chini mpaka nusu. Karai zilijaa." Filister aliangalia juu kilimani. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Kwani ana shida? Ameyaazima kwetu, si sisi kwake. Mawe ni ya kilima."

Bhoke alimtazama mwanamke yule. Hakuweza kujua kama alifanya kwa kujua au kwa kutojua. Filister naye hakuonyesha.

Simu ya Dishon ililia mfukoni.

Stovu.

Bhoke aliipokea, hakusema kitu.

"Dishon! Wewe nafika bomani? Kwa nini ng'ombe nasimama? Huyo mtu ya pikipiki ni nani?"

"Ni mimi," Bhoke alisema. "Ng'ombe hawapandi leo. Mzigo wako uko Ndhiwa, kituo cha polisi, barafu inayeyuka. Shuka, Stoffel."

Simu ilikatika.

Bhoke alitembea haraka kuzunguka kilima. Caleb, Filister na nusu ya matanga wakamfuata, mbali na nyasi ndefu. Alifungua begi, akatoa droni yake ya DJI iliyokunjwa kama ngumi, akaitupa hewani.

Kwenye kioo alimwona. Shati la kaki, kamera shingoni, mkoba mgongoni. Anateremka mbio, macho chini, jiwe hadi jiwe. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Halafu mawe yakaisha.

Stoffel alisimama na mguu mmoja hewani.

Aliurudisha taratibu nyuma ya ule mwingine. Aliangalia mbele. Nyasi. Aliangalia kushoto. Nyasi. Upepo wa ziwa ulipita ukailaza yote upande mmoja, kama manyoya ya ng'ombe anayelambwa.

Angeweza kurudi juu, kwenye handaki. Huko kulikuwa na njaa na jua. Angeweza kungoja jeshi. Lakini alifanya anachofanya mtu wa aina yake: alitoa bastola akapiga droni.

Alikosa. Watu walilala chini. Alipopiga tena, teke la bastola lilimyumbisha, kisigino kikatoka kwenye njia, akapiga yowe na kujirudisha.

Bhoke alimpigia simu.

"Ukipiga ya tatu utaanguka," alisema. "Na huko hakuna pa kuangukia."

Stoffel alikuwa akihema. "Wewe nani?"

"Bhoke. Dada ya Marwa. Kilima 308."

Bhoke alimwona kwenye kioo akishusha bastola.

"Bhoke," alisema, na ghafla sauti ilikuwa ya rafiki. "Wewe ni mtu ya kazi. Wewe najua kutegua. Kuja toa mimi hapa."

"Tupa bastola."

Aliitupa. Wote walishika pumzi mpaka ilipotua. Hakuna kitu.

"Sasa kuja."

"Siji."

"Bhoke..."

"Nakutumia chuma. Utajitoa mwenyewe."

Aliiita droni, akaifunga fito ya chuma ya kuchokonolea ardhi, ile ya kazi yake ya zamani, na kijiko cha kufukulia. Droni ikapanda, ikaenda, ikashuka juu ya kichwa cha Stoffel kama mwewe anayeleta badala ya kuchukua.

"Sijafanya hii!" Stoffel alipiga kelele. "Mimi ni mkurugenzi!"

"Najua. Umesafisha vilima na hujawahi kushika udongo. Acha simu wazi kando yako, lala kifudifudi. Shika chuma kwa kulala, usisimamishe. Chomeka polepole kila upana wa vidole viwili. Ukigusa kitu kigumu, simama."

"Wewe nataka mimi nikufa."

"Ningetaka hivyo ningekwenda kula chakula cha matanga. Lala."

Mzungu alilala.

Bhoke aligeuka. "Ken! Leta maiki yako hapa, na waya mrefu."

Ken alikuja akikimbia. Bhoke aliweka simu mdomoni mwa maiki. Spika zote za matanga zilikohoa, halafu kikatoka kitu ambacho watu wa Nyatike hawajawahi kusikia: mzungu akihema kwa woga, kubwa kama radi, bonde zima.

Hakuna aliyecheka.

"Kuna kitu," spika zilisema. "Kuna kitu kigumu."

"Fukua pembeni. Usiguse juu yake. Una kiu?"

"Ndio."

"Marwa pia alikuwa na kiu. Ulimwambia atakunywa baada ya picha. Umefikia plastiki?"

"Naona kijani."

"Udongo wake ni wa rangi gani?"

Kijiko kilikwaruza kwenye spika.

"Stoffel. Udongo uliokwama kwenye mifereji. Waambie watu rangi gani."

"Nyeupe," spika zilisema.

Caleb aliokota donge la udongo miguuni mwake. Jeusi. Alilivunja mkononi, akawaonyesha wengine.

Bhoke alimwelekeza namna ya kuliinua. Bomu likatoka, akaliweka pembeni. Akasonga mbele urefu wa mkono.

Na lingine.

Na lingine.

Jua lilisimama juu, likaanza kuinama. Shati la kaki likawa jeusi kwa jasho na udongo. Kucha zilivuja damu. Ng'ombe walilala uwanjani, wakicheua. Hakuna mtu aliyeondoka. Wageni waliofika kwa mazishi waliketi na wenyeji, wakaelezwa kwa kunong'onezwa, wakakaa kimya.

Kila bomu, Bhoke aliuliza swali moja. Lilitoka wapi. Nani alisema yamelipuliwa. Nani alipanda. Kwa nini. Na kila swali Stoffel alilijibu, kwa sababu ukilala na kifua juu ya kazi yako mwenyewe, uongo unakuwa mzito kuubeba.

"Elkanah uliambiwa amekufa?"

"Ndio."

"Ulisema nini?"

"Nilisema... mmoja haitoshi."

Filister hakulia. Alikaa chini kwenye nyasi, akavuta koti la mumewe likambana.

Ndipo Bhoke alipoona, kwenye kioo.

Stoffel alikuwa amechoka. Chuma kilikuwa kimelala pembeni. Alikuwa akijivuta mbele kwa kiwiko, bila kuchokonoa. Na mbele ya kiwiko, nyasi zilikuwa zimekauka duara dogo, kama zinavyokauka zikikatwa mizizi na kurudishwa. Duara la mkebe wa Kimbo.

Kiwiko kikainuka.

Mdomo wa Bhoke ulikuwa karibu na simu. Haukufunguka.

Filister alikuwa amesimama begani mwake, naye ameona. "Mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie kitu. Nani atajua?"

Sikioni, Byron. Alikuwa akisikia yote. "Bhoke."

Aliwaza kibao kile cha SALAMA. Aliwaza Marwa akitembea nacho begani, anapiga mluzi, kwa sababu mkubwa amesema. Ilikuwa haraka. Daktari aliapa kwamba ilikuwa haraka, kwamba hakusikia kitu.

Haraka.

"Stoffel. Simama. Usishushe mkono."

Kiwiko kikaganda hewani.

"Mbele yako kuna lingine. Chukua chuma. Anza upya."

Spika zililia. Mtu mzima analia kwa spika za matanga, anaomba Mungu kwa lugha ya kwao.

Filister alimgeukia Bhoke, uso mkali. "Umemwokoa! Kwa nini?"

"Kaka yangu alikufa haraka, mama. Mumeo alikufa haraka. Mimi huyu simtakii haraka. Nataka azeeke ndani, anakumbuka kila nyasi ya hiki kilima."

Filister alimwangalia. Akaketi tena. "Basi uniwekee nafasi mahakamani," alisema. "Mbele."

*

Stoffel alifika kwenye ardhi safi jioni ikianza, akitambaa kama mtoto. Nyuma yake mabomu ya kijani yalikuwa yamepangwa pembeni mwa njia nyembamba, yakingoja wahandisi. Bhoke alimkanyaga mgongo, akamvuta mikono nyuma.

Pingu. Kli. Kli.

"Maji," Stoffel alisema.

"Baada ya picha."

Helikopta ya jeshi ilikuwa inasikika upande wa Homa Bay. Land Cruiser ya polisi wa Macalder ilisogea kinyumenyume. Bhoke alimsukuma Stoffel nyuma, akamfunga kwenye chuma cha kiti.

Caleb alikuwa amesimama na mkuki wake. Nyuma yake vijana, na nyuma ya vijana ng'ombe wameinuka wote, fahali mweusi mbele, anapuliza puani.

"Kilima bado, baba," Bhoke alimwambia. "Wanajeshi wanasafisha kwanza kila upande. Ng'ombe hawapandi."

"Nani amesema tunapanda?" Caleb alinyoosha mkuki, sio kilimani. Aliunyoosha kwenye gari. "Kifo si kimeshuka? Tunakifukuza kikiwa hapo hapo. Mpaka mwisho wa ardhi yetu."

Bhoke aliangalia gari. Akaangalia ng'ombe. Akamwambia dereva wa polisi, "Endesha polepole. Dirisha la nyuma liache wazi."

Pembe ikalia.

Boma lote lililipuka kwa mbinja na vigelegele. Gari likaondoka, na nyuma yake ng'ombe, mbio, vumbi, matawi, mikuki ikipiga ngao, vijana wakiliita jina la Elkanah na kukitukana kifo usoni. Na kifo kilikuwa nyuma ya Land Cruiser, kimefungwa pingu, kinaangalia pembe za fahali mweusi zikija karibu, zikija karibu, kinapiga kelele dereva aongeze mwendo.

Dereva hakuongeza.

Bhoke alivaa helmeti, akawasha Yamaha. Aliwafuata kwa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, bila haraka yoyote.

"Ripoti," Byron alisema sikioni.

"Tumempata. Mzima."

"Hizo kelele ni za nini?"

"Ni ng'ombe, mkubwa."

"Ng'ombe? Ng'ombe wanafanya nini?"

"Wanamsindikiza."